Kubadilisha beringi ya tairi nyumbani kwenye Corolla NZE bila kuiua ikiwa mpya

Beringi mpya ikianza kuvuma baada ya mwezi mmoja, lawama zote huenda kwa muuza spea. Spea bandia zipo, tena nyingi, lakini mara nyingi beringi hiyo iliuawa siku ya kufungwa. Ilipigwa nyundo pasipostahili, au ilikandamizwa kwenye presi (mashine ya kukandamizia vyuma) huku nguvu ikipita katikati ya gololi zake. Kufungua na kurudisha tairi, breki na shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) ni kazi unayoweza kuifanya uani kwako kwa nusu siku. Dakika chache za presi ndizo zinazoamua kama beringi itaishi, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Vipimo vilivyomo humu ni vya Toyota Corolla NZE121 inayovutwa na matairi ya mbele, ile ya miaka ya 2000 hadi 2006 yenye injini ya 1NZ-FE. Vitz, IST na Allex hufunguka kwa mpangilio unaofanana, ila usichukue namba za kukazia bila kuangalia kitabu cha gari lenyewe. Mbele kuna beringi iliyokandamizwa ndani ya naki, yaani kile chuma kizito kinachobeba habu (kitovu kinachofungiwa tairi), kalipa (kibanio cha breki) na mguu wa shokapu. Nyuma, beringi na habu ni kitu kimoja kinachoshikwa na bolti 4, na huko presi haihitajiki kabisa.

Hakikisha kwanza ni beringi

Mvumo wa beringi hufuata mwendo wa gari, haufuati injini. Ukiwa kwenye barabara tupu kwa kilomita 60 kwa saa, weka gia N. Injini itashuka. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko kwenye magurudumu. Kisha sikiliza kwenye kona ndefu. Ukikata kushoto, uzito wa gari huhamia kulia, kwa hiyo mvumo ukipanda hapo mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Dalili hii husaidia sana, lakini huwa inakosea, usiende dukani kwa kutegemea sikio peke yake.

Tairi lililolika kwa mabonde hutoa sauti ileile. Hamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, halafu endesha. Sauti ikihama pamoja na matairi, umeokoa pesa ya beringi.

Kipimo kinachoaminika zaidi hakihitaji kifaa chochote. Nyanyua tairi kwa jeki, gari liwe N, weka vidole vya mkono mmoja juu ya springi ya shokapu na mwingine uzungushe tairi. Beringi nzima haileti kitu kwenye springi. Iliyochoka utaihisi mara moja, mchakacho mdogo kama mchanga mkavu unaosagwa chini ya kiatu, ukipanda kwenye waya wa springi hadi vidoleni. Pima na upande wa pili ili ujue ukimya unavyohisiwa.

Baada ya hapo shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukitoweka ni beringi, kwa sababu breki imeifunga habu na naki pamoja. Ukibaki, tafuta kwenye boljointi, kiungo kinachoshika naki kwenye mkono wa chini. Likicheza kushoto na kulia tu, angalia tairodi, fimbo ya usukani inayokata tairi. Usisubiri mchezo ndipo uamini, kwani beringi za aina hii huvuma muda mrefu kabla ya kucheza. Iliyoanza kucheza imefika mwisho, na gari hilo lisiende safari.

Adui mkubwa ni maji. Habu iliyopata moto wa breki ikizama ghafla kwenye maji ya mafuriko, kama pale Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na maji huvutwa kupitia sili. Grisi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kutu huanza kula njia za gololi. Mashimo ya barabarani huongezea, na vilevile rimu pana zinazotokeza nje kupita zile za kiwandani, maana huiongezea beringi mzigo wa pembeni ambao haikutengenezewa.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chasisi, usitaje jina la gari tu. Ukishaitoa beringi ya zamani, linganisha namba iliyoandikwa kwenye uso wake. Nyingi zinasomeka kirahisi. DAC38740050, kwa mfano, ina tundu la milimita 38, upana wa nje milimita 74 na unene milimita 50. Pima kwa kalipa ya kupimia kabla hujaondoka dukani, kwa sababu tofauti ya milimita 2 tu ya unene itaizuia klipu, pete ya chuma inayoishikilia beringi ndani ya naki, isiingie kwenye mfereji wake.

Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki), angalia meno ya kuhesabia mzunguko yako wapi. Kwenye magari mengi ya kizazi hiki yamo kwenye jointi ya shafti, na beringi ya mbele ni ya kawaida. Kwenye mengine, sili moja ya beringi ni ya sumaku, na upande huo lazima uelekee sensa. Sogeza klipu ndogo ya kubania karatasi karibu na sili zote mbili, itanaswa upande wa sumaku. Ukiifunga kinyume, taa ya ABS itawaka na itabidi ununue beringi nyingine, kwa kuwa iliyokwisha kukandamizwa haitoki nzima.

Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaonyeshwa beringi ya gari hilohilo kwa bei tatu. Koyo, NSK na NTN ni majina ya kuaminika, na ndiyo maana yanaigwa. Kagua maandishi kwenye chuma chenyewe, siyo boksi. Yawe makali, yamelingana, na namba ifanane na ya kwenye boksi. Kwa SKF ipo programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unapiga picha na kuzituma zikaguliwe.

Beringi ya mtumba iliyotolewa kwenye naki usiiguse hata kwa bei ya bure. Ili itoke, mtu aliivuta kwa nguvu zilizopita kwenye gololi, kwa hiyo imeshaumizwa. Naki nzima ya mtumba, habu ikiwa bado ndani, ni jambo jingine. Ikizunguka kimya ni njia nzuri ya kuikwepa presi.

Pamoja na beringi nunua nati mpya ya shafti, klipu mpya kama haimo kwenye boksi, na kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee) ya tairodi.

Vifaa

Jeki na stendi 2 imara, mawe au vipande vya mbao vya kuzuia matairi, boksi ya spana ya milimita 30 kwa nati ya shafti, ya 21 kwa nati za tairi, seti ya boksi 14 hadi 22, mkono mrefu wa sentimita 60 na bomba la kuurefusha, nyundo ya kilo 1.5, tindo ndogo, koleo la klipu, brashi ya waya, msasa laini, waya wa kufungia kalipa, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukazia) inayofika angalau Nm 220, yaani nyutoni-mita. Hiyo ya mwisho azima ukikosa.

Kufungua upande wa mbele

1. Gari likiwa bado chini, hendibreki imevutwa na matairi ya nyuma yamezuiwa, toa kofia ya katikati ya rimu. Nati ya shafti imepigwa mdomo ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Inua mdomo huo kwa tindo hadi utoke wote. Ukiacha ncha ndani, nati ikizunguka itakula uzi wa shafti, na hapo unanunua shafti. Kwenye matoleo yenye kikombe na kotapini, ni kuchomoa tu.

2. Legeza nati kwa boksi ya 30 na mkono mrefu, usiitoe. Legeza kidogo na nati za tairi. Kuanzia hapa gari lisisukumwe hata nusu mita, maana beringi isiyokazwa ikibeba uzito na kuzunguka huumia.

3. Nyanyua, weka stendi chini ya sehemu iliyoimarishwa ya bodi, toa tairi. Lisukumie chini ya kizingiti cha mlango, stendi ikiteleza gari litaangukia tairi. Jeki peke yake imeua watu.

4. Fungua bolti mbili zinazoshika kalipa na bano lake kwenye naki, iondoe yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa bomba la breki. Vuta diski. Ikigoma, matundu mawili yenye uzi kwenye uso wake huchukua bolti za M8. Zikaze kwa zamu na itajisukuma yenyewe.

5. Chomoa sensa ya ABS kwa bolti yake moja. Ikiwa imeganda kwa kutu usiivute kwa waya. Iache kwenye naki, fungua soketi yake juu, uende nayo kwa tahadhari.

6. Toa kotapini na nati ya tairodi, kisha piga nyundo kwenye sikio la naki, pale mguu wa tairodi unapopita. Mapigo mawili ya nguvu hufanya kazi kuliko ishirini ya woga. Usiupige mguu wenyewe kwa chini, utaharibu uzi.

7. Fungua boljointi inapoungana na mkono wa chini. Kwa shokapu, kwanza chora alama kwa tindo au rangi kuzunguka vichwa vya bolti mbili, ndipo uzifungue. Alama hizo zitakurudishia mlalo wa tairi karibu na ulivyokuwa.

8. Rudisha nati ya shafti hadi ilingane na ncha, weka kipande cha mbao juu yake, gonga shafti iingie ndani. Ikilegea toa nati na uivue naki. Shikilia shafti kwa mkono mwingine, usiivute kuja kwako. Jointi ya ndani huachana kirahisi, na kuirudisha kunaweza kukulazimisha kufungua buti (mpira unaofunika jointi) na kupaka grisi upya. Ifunge kwa waya ikae mlalo.

Kwenye presi

Sasa una naki mkononi. Wachache wana presi nyumbani, kwa hiyo ipeleke kwa fundi mwenye nayo, ya tani 10 au zaidi, na usimame hapohapo akifanya. Atakayekuambia nyundo inatosha, mshukuru na utafute mwingine.

Habu hutoka kwanza, ikisukumwa kutoka upande wa ndani huku naki imeegemezwa. Karibu kila mara pete moja ya ndani ya beringi hung'ang'ania kwenye habu. Iondoe kwa pula, kifaa cha kuvutia beringi. Ikigoma, kata kwa grinda mfereji unaokaribia kupenya, ukiacha unene wa kucha, kisha ipasue kwa tindo. Grinda ikigusa shingo ya habu inaacha kovu linaloinua pete mpya, kwa hiyo acha kukata mapema kuliko moyo unavyotaka. Angalia shingo hiyo kwa makini. Iliyobadilika rangi kuwa bluu au yenye mfereji wa kuzunguka imekwisha, pete mpya itazunguka juu yake na kuvuma upya.

Toa bamba la kuzuia vumbi, toa klipu, kisha sukuma beringi ya zamani. Klipu iliyosahaulika ndani inapasua naki, nawe utadhani ni kutu. Safisha tundu kwa brashi na msasa laini hadi ling'ae, bila kulipanua. Jaribu kuingiza beringi mpya kwa mkono. Lazima igome. Ikiingia kwa kidole, tundu limelika, na dawa yake ni naki nyingine. Kuibana kwa vipande vya bati la kopo au kwa gundi ni kununua siku chache tu.

Beringi mpya ilale kwenye friza usiku mzima ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Chuma cha milimita 74 kikipoa kwa digrii 40 husinyaa kama milimita 0.035. Ni kidogo mno kwa macho, lakini beringi hizi hubanwa kwa sehemu chache tu za mia za milimita, kwa hiyo utaona presi ikipata nafuu kidogo. Ipeleke kwenye kibaridi. Usiichome beringi kwa moto, grisi na sili zake haziwezi.

Hapa ndipo penye roho ya kazi yote. Beringi ikiingia kwenye naki, presi iisukume pete ya nje tu. Kifaa kizuri cha kusukumia ni pete ya nje ya beringi ya zamani. Ikate kwa grinda ufa mmoja ili isibaki imenasa, nayo ina upana uleule hasa. Sukuma hadi mwisho, utasikia sauti ya presi ikibadilika, kisha rudisha klipu na uhakikishe imekaa kwenye mfereji mzunguko mzima.

Habu ikiingia kwenye beringi, mambo hugeuka. Sasa pete ya ndani ndiyo inayobanwa, kwa hiyo chini, upande wa pili, egemeza pete ya ndani kwa bomba linaloikaa yenyewe tu. Ukiegemeza naki na kuisukuma habu, tani zote za presi zitapita kutoka pete ya ndani, kwenye gololi, hadi pete ya nje. Kila gololi itaacha kishimo kisichoonekana kwa macho, na gari litavuma kabla wiki haijaisha. Mafundi wengi hukosea hapa hapa, kwa sababu ukiitazama habu imeingia vizuri tu. Waulize kabla: "Chini umeegemeza nini?" Jibu likiwa naki, simamisha kazi.

Kabla ya habu kuingia, bamba la vumbi liwe limeshafungwa. Likisahaulika haliingii tena, na kulirudisha maana yake ni beringi mpya nyingine.

Habu iliyoingia sawa huzunguka kwa mkono kwa ulaini mzito kidogo, bila kukwama popote.

Kurudisha

Futa mlango wa habu, paka grisi kiduchu kwenye meno ya shafti, ingiza shafti na uizungushie nati mpya kwa mkono. Rudisha shokapu kwenye alama zako, nati zake Nm 153, tairodi Nm 49 na kotapini mpya. Kama tundu la kotapini halilingani, kaza mbele kidogo, usilegeze kurudi nyuma. Boljointi na bano la kalipa vikazwe kwa kipimo cha kitabu. Safisha uso wa habu kabla ya kuweka diski. Punje moja ya kutu hapo huleta mtetemo wa breki ambao watu husingizia diski.

Nati ya shafti ni Nm 216, na ikazwe tairi likiwa hewani, mtu akikanyaga breki kwa nguvu. Wengi hushusha gari kwanza ili lisizunguke, lakini uzito ukishakaa kwenye beringi legevu umeshaiumiza. Huna toki renchi kabisa? Mtu wa kilo 70 akisimama taratibu kwenye mkono uliolala sawasawa na ardhi, unyayo ukiwa sentimita 31 hadi 32 kutoka katikati ya nati, hutoa takriban Nm 216. Asirukeruke, na msiamini zaidi ya siku ya kupata kifaa. Bunduki ya hewa ni ya kufungulia. Ikitumika kukazia hakuna anayejua imefika wapi. Mwisho piga mdomo wa nati uingie kwenye mfereji kwa tindo butu.

Nati hii ndiyo inayozibana pete mbili za ndani pamoja. Ikilegea, pete huachana na beringi hucheza. Nati iliyotumika ina mdomo uliokwisha kupindwa mara moja, ndiyo sababu mpya inahitajika.

Funga tairi, nati za 21 kwa Nm 103 kwa mtindo wa nyota. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla hujagusa gia, kwa sababu brekipedi zilirudi nyuma ulipotoa kalipa na mkanyago wa kwanza utakuwa mtupu.

Nyuma

Upande wa nyuma ni wepesi, na ndiyo mahali pazuri pa kuanzia mtu asiyewahi kufanya kazi hii. Zuia matairi ya mbele, achia hendibreki, nyanyua, toa tairi na dramu. Dramu ikigoma, bolti za M8 kwenye matundu yake mawili. Ikigoma bado, viatu vya breki vimechonga ukingo ndani, virudishe nyuma kwa kirekebisha kupitia tundu la bamba. Kwenye uso wa habu kuna tundu la kupitishia boksi ya 14. Izungushe na ufungue bolti moja moja, zote 4. Chomoa waya wa ABS kama upo.

Bolti hizohizo ndizo zinazolishika bamba la breki, kwa hiyo habu ikitoka bamba hubaki linaning'inia kwa bomba la breki. Rudisha bolti mbili kwa mkono walau, au lifunge kwa waya. Habu ikiwa imeganda, gonga kando kando kutoka nyuma, siyo katikati. Safisha kiti chake, weka mpya, bolti Nm 61 kwa msalaba. Usibadilishe pande zote mbili kwa desturi. Iliyo nzima iache ifanye kazi yake.

Safari ya kwanza

Endesha kilomita 20 bila kushika breki kwa fujo, simama, na uweke mgongo wa mkono karibu na kila habu ya mbele. Joto la kushoto na kulia lifanane. Upande mmoja ukiwaka kuliko mwenzake, angalia kwanza kama kalipa inarudi, kisha beringi. Baada ya kilomita 100 hivi kagua tena nati za tairi. Nenda pia ukapimwe alaimenti, hata kama alama zako zilikuwa safi, kwa sababu bolti za shokapu zina uwazi mdogo kwenye matundu yake.

Mvumo ukiwa umebaki palepale kama jana, usiifungue naki. Rudi kwenye springi, zungusha tairi la upande wa pili, kisha yale ya nyuma, vidole vikisikiliza.